Je, Kizuri Chajiuza?

Miongoni mwa methali ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili amezikuta ubaoni imo hii isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walimu huitumia kuwafundisha vijana unyenyekevu na bidii: fanya kazi yako vyema, usijisifu, na walimwengu wataiona wenyewe. Mafunzo hayo ni mema, nasi hatukusudii kuyabeza. Hata hivyo, methali ni hukumu iliyotolewa na watu wa zamani juu ya mambo waliyoyaona, na hukumu yoyote yaweza kukatiwa rufani pindi ushahidi mpya unapopatikana.

Katika makala haya tutaleta ushahidi mmoja. Ni kisa cha mwanamuziki wa Kiafrika aliyetunga, akaimba na kurekodi albamu yake mwenyewe, bila kampuni, bila mkataba na bila mfadhili, kisha kazi yake ikakaa miaka mingi pasipo kusikiwa ila na watu wachache mno. Kwa kisa hicho twapenda tujiulize pamoja na msomaji: kazi njema ikipotea kwa kukosa wasikilizaji, je, lawama ni ya msanii, ni ya kazi yenyewe, au ni ya jamii?

Kisa cha kanda hamsini

Yaw Atta-Owusu, ambaye kwa jina la usanii huitwa Ata Kak, alizaliwa Ghana mwaka 1960. Alikua katika nchi iliyosifika Afrika nzima kwa muziki wa dansi uitwao hailaifu. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu kwa Waghana. Baada ya mapinduzi ya tarehe 31 Desemba 1981 iliwekwa amri ya kutotembea usiku, nayo ikadumu zaidi ya miaka miwili. Muziki wa dansi ni kazi ya usiku. Amri hiyo ilizifunga kumbi na kuwanyima wapigaji riziki yao. Ukame na uhaba wa bidhaa wa mwaka 1983 ukazidisha dhiki. Wanamuziki wengi walihama, na baadhi yao wakafika Ujerumani. Atta-Owusu naye alihamia huko mwaka 1985, na mwaka 1989 akahamia Toronto, Kanada, alikopiga muziki pamoja na Waghana wenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alijipatia vyombo vyake mwenyewe: kinanda cha umeme, kompyuta, na mashine ya kurekodi yenye njia nyingi. Yafaa tueleze mashine ya aina hiyo hufanyaje kazi, maana ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja kuwa bendi nzima. Mpigaji huanza na midundo ya ngoma, akainasa katika njia ya kwanza. Kisha huisikiliza midundo hiyo huku akipiga besi, akainasa besi katika njia ya pili. Huendelea hivyo kwa kinanda, kwa sauti ya kuongoza na kwa sauti za kuitikia, hata mwisho njia zote zikachanganywa kuwa wimbo mmoja. Hapana fundi wa kulipwa kwa saa, wala mkurugenzi wa kusema kwamba wimbo huu ni mrefu mno au mtindo huu hautauzika. Kwa namna hiyo, nyumbani kwake, akifanya karibu kila jambo mwenyewe, Atta-Owusu alitengeneza nyimbo saba. Humo aliimba na kughani kwa kasi katika lugha ya Kitwi, juu ya midundo ya mashine iliyochanganya hailaifu na muziki wa vijana wa Marekani wa wakati ule. Albamu hiyo aliiita "Obaa Sima", yaani mwanamke aliyekamilika.

Mwaka 1994 nyimbo hizo zilitolewa nchini Ghana kwa kanda za kaseti. Zilitengenezwa nakala hamsini. Darasa moja tu katika shule zetu nyingi lingeweza kuzimaliza nakala hizo, kila mwanafunzi akachukua yake. Hapakuwa na kampuni ya kuzitangaza, wala mtunzi hakuwako Ghana azipeleke redioni na kwenye kumbi. Albamu haikuuzika. Mtunzi akaendelea na maisha yake ugenini, na mwaka 2006 akarejea kwao Ghana.

Lakini moja ya kanda zile hamsini ilikuwa na safari yake. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Kimarekani aitwaye Brian Shimkovitz, aliyekuwa Ghana kwa masomo ya muziki, aliinunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara katika mji wa Cape Coast. Akarudi nayo kwao. Mwaka 2006 alianza kuwasikilizisha watu kanda za Afrika kwa njia ya intaneti, na wa kwanza aliowachagua walikuwa nyimbo za Ata Kak. Watu wa nchi nyingi wakazipenda, wakazicheza katika madisko, wakaulizana: ni nani huyu? Hata Shimkovitz mwenyewe hakumjua. Alimtafuta kwa miaka kadhaa, mpaka akampata. Mwaka 2015 albamu ilitolewa upya, safari hii kwa makubaliano na mwenyewe, na baadaye Atta-Owusu, akiwa mtu wa makamo, akapanda jukwaani huko Ulaya mbele ya vijana waliozijua nyimbo zake kwa moyo.

Hicho ndicho kisa. Sasa na tuipime methali.

Uzuri wa kazi na uhai wa kazi

Tangu mwaka 1994 hadi 2006 ilipita miaka kumi na miwili. Katika muda huo hapakuongezwa wala kupunguzwa neno katika nyimbo zile saba. Nyimbo zilizokosa wanunuzi ndizo zilezile zilizopendwa. Kama ni kweli kwamba kizuri hujiuza, basi nyimbo hizo zilikuwa mbaya kwa miaka kumi na miwili, kisha zikageuka kuwa nzuri pasipo kuguswa. Bila shaka hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kulikubali jambo hilo.

Wapo watakaojibu kwamba hapana ajabu, kwa sababu uzuri hauko katika kitu chenyewe, bali uko katika macho na masikio ya watu. Wimbo usiosikilizwa hauna uzuri wowote, kama vile chakula kisicholiwa hakina utamu. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Ni kweli kwamba wimbo ni mazungumzo. Mtunzi hutoa neno akitazamia itikio, na wimbo usio na mwitikiaji ni kama salamu isiyojibiwa. Lakini salamu isiyojibiwa haiwi salamu mbaya kwa kukosa jibu. Yaweza kuwa ilitolewa kwa adabu na upendo, na aibu ikawa ni ya aliyenyamaza.

Kwa hiyo twaona inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo methali yetu imeyachanganya. La kwanza ni uzuri wa kazi, ambao hutokana na ustadi, ukweli na juhudi za mtunzi. La pili ni uhai wa kazi, yaani kudumu kwake vinywani na mioyoni mwa watu. Uzuri hutoka mkononi mwa msanii. Uhai hutoka kwa wasikilizaji. Msanii aweza kuikamilisha sehemu yake yote, na kazi ikafa kwa sababu sehemu ya pili haikutimizwa.

Historia ya fasihi yetu yathibitisha hayo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakuwa na mchapishaji. Mashairi yake yaliishi kwa sababu watu wa Mombasa waliyahifadhi vichwani na kuyasema barazani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na ilipofika mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya kufa kwa malenga, William Hichens akayatoa katika kitabu. Leo tunamsoma Muyaka madarasani na kusema kwamba mashairi yake yamedumu kwa sababu ni mazuri. Tunasahau kwamba yamedumu pia kwa sababu walikuwako watu wasio na majina makubwa waliojitwika kazi ya kukumbuka, na mwalimu mmoja aliyejitwika kazi ya kuuliza.

Hapo ndipo udhaifu wa methali yetu unapojidhihirisha. Methali imevitazama vitu vizuri vilivyouzika, ikatoa kanuni. Vile vizuri vilivyooza ghalani haikuviona, kwa kuwa vilivyopotea havionekani. Ni sawa na mtu anayesimama ng'ambo ya mto akiwauliza waliovuka kama mto una hatari. Wote watamwambia kwamba walivuka salama. Walimu wa hisabati na sayansi wawaoneshe wanafunzi kosa hili la kufikiri, maana halihusu muziki peke yake. Kila tusemapo kwamba mwenye kipawa lazima atajitokeza tu, tumekuwa tukiwauliza waliovuka.

Hata hivyo, tusiwaonee wahenga. Methali hii imekaa kisoko, na soko walilolijua lilikuwa soko ambamo mnunuzi hupita, huona, hugusa, huonja. Katika soko la namna hiyo embe zuri hujiuza kweli. Wahenga walichukulia kwamba bidhaa na mnunuzi wamekwisha kukutana. Kisa cha kanda hamsini ni kisa cha bidhaa na mnunuzi wasiokutana.

Mlango na walinzi wake

Ni nani basi huwakutanisha msanii na watu wake? Katika karne ya 20 kazi hiyo ilishikwa na kampuni za santuri, vituo vya redio na vyombo vya dola. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, na santuri zake zikaenea katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Sauti ya binti wa shamba, ambaye mji wenye majivuno ya ukoo ungeweza kumpuuza, ilisikika katika nyumba za watu wa kila daraja. Hapo kampuni iliufungua mlango, ingawa iliufungua kwa faida yake.

Baada ya Uhuru, nchini Tanzania mlango mkubwa ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nyingi ambazo kamwe zisingeweza kununua mashine za kurekodi zilinaswa katika studio yake, na nyimbo zake zikafika vijijini kusikoweza kufika gari la bendi. Mchango huo katika kuikuza lugha yetu na kuijenga roho ya taifa ni mkubwa, na kanda zilizobaki ni hazina ya umma. Lakini ukweli wapaswa kusemwa wote. Palipo na mlango mmoja pana mlinzi mmoja. Wimbo uliopita ulipewa masikio ya nchi nzima. Wimbo ambao haukupita haukuacha alama yoyote. Mlinzi aweza kuwa mtu mwadilifu na bado akakosea, kwa maana hakuna kamati iliyojaliwa masikio ya kusikia ya kesho.

Ndiyo sababu kitendo cha Atta-Owusu kina maana kubwa kuliko nyimbo saba. Alipokaa nyumbani kwake na mashine zake, hakumwomba mlinzi yeyote ruhusa. Leo vijana wetu wako katika hali hiyohiyo, na wamepata wepesi ambao yeye hakuwa nao. Kijana wa Singida au wa Makete aliye na simu ya mkononi aweza wakati wa likizo kurekodi wimbo chumbani na kuutuma duniani kabla ya chakula cha jioni. Mlango wa kurekodi umefunguka. Walakini tusidhani kwamba walinzi wameondoka. Wamehamia mlango wa ndani. Zamani ugumu ulikuwa katika kurekodi. Leo ugumu uko katika kusikiwa. Penye nyimbo maelfu kwa siku, wimbo wa mtu asiye na mtangazaji waweza kupotea kirahisi kama kanda moja katika meza ya mchuuzi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kulitukuza neno kujitegemea. Wapo waliolifahamu neno hilo kwa maana ya kila mtu na lwake. Hiyo haikuwa maana yake. Kujitegemea kulikokusudiwa kulikuwa kwa watu walioshikana, kila mmoja akitoa nguvu yake kabla ya kunyosha mkono kuomba. Msanii anayejirekodi mwenyewe amejitegemea kwa maana iliyo bora: ametoa kwanza kila alicho nacho. Akishafanya hivyo, jamii inayomwambia "endelea kujitegemea" huku imeziba masikio inalitumia neno tukufu kuficha uvivu wake.

Haki ya mwokotaji

Tumefika sasa kwenye swali gumu zaidi. Shimkovitz alizitoa nyimbo za Atta-Owusu hadharani mwaka 2006 bila idhini yake. Je, alitenda haki?

Upande mmoja husema: alikosa. Wimbo ni mali ya aliyeutunga. Mtu hawezi kuingia katika shamba la mwenziwe, akachuma, akawagawia wapita njia, kisha akasifiwa kwa ukarimu. Tena Afrika ina majeraha ya zamani katika jambo hili. Wasafiri na watafiti walichukua ngoma zetu, vinyago vyetu na sauti zetu, wakazipeleka katika majumba ya makumbusho ya kwao, na mara nyingi jina la mtengenezaji halikuandikwa hata kwa kalamu ya risasi. Kwa nini tushangilie mtindo huohuo ukijirudia?

Upande wa pili husema: aliokoa. Kama asingezisikilizisha, nani angeuliza habari za Ata Kak? Utepe wa awali wenye nyimbo hizo, ulipokuja kutafutwa, ulikuwa umekwisha kuharibika, ikabidi albamu itolewe upya kutokana na kanda ile iliyonunuliwa kando ya barabara. Maana yake ni kwamba hata mwenye mali hakuwa na mali yake tena. Ilikuwa imehifadhiwa na mgeni. Sheria ingefuatwa kwa ukamilifu, tungebaki na haki isiyo na wimbo.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeshika sehemu ya kweli, na kwamba ufumbuzi upo katika desturi ambayo watu wetu wanayo kuhusu kitu cha kuokota. Anayeokota kitu cha thamani njiani hatukanwi kwa kukiinua, maana kingeachwa kingekanyagwa. Lakini kukiinua hakumpi umiliki, kunampa deni. Anapaswa kutangaza, kuulizia, na mwenyewe akipatikana kumrudishia. Mwokotaji akikaa kimya, siku hiyo amegeuka kuwa mwizi, ijapokuwa mikono yake haikuvunja kufuli.

Kwa kipimo hicho, tendo la mwaka 2006 lilizaa deni, na juhudi za miaka iliyofuata zilikuwa kulilipa. Alimtafuta mwenyewe. Alipompata, alifanya naye makubaliano, na ni kanuni ya shughuli yake iliyotangazwa kwamba mapato hugawanywa nusu kwa nusu na msanii. Hatusemi kwamba hilo linafuta kila swali. Kwa mfano, ilibainika kwamba nyimbo katika ile kanda zilikwenda kwa kasi zaidi kuliko mtunzi alivyozirekodi, na ni kasi hiyo iliyokuwa imependwa na wasikilizaji. Basi wimbo wa kweli ni upi: ule wa moyoni mwa mtunzi au ule walioupokea watu? Twadhani mwenye kujibu swali hilo ni mtunzi mwenyewe akiwa hai, na kwamba kwa sababu hiyo kumtafuta ni sharti, wala si hisani. Asiyetafutwa hawezi kuulizwa.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi bila kujali kama ana kampuni au hana. Kijana anayerekodi chumbani ana haki sawa na bendi mashuhuri. Yafaa wanafunzi walijue hilo, na yafaa zaidi wajue kwamba sheria hulinda kazi isiibwe, lakini haiwezi kumlazimisha mtu aisikilize. Hapo sheria hukoma, na maadili huanza.

Kwa nini mgeni?

Kuna methali nyingine isemayo mcheza kwao hutunzwa. Msomaji bila shaka amekwisha kuikumbuka, na pengine inamchoma. Atta-Owusu aliwachezea wa kwao, kwa lugha ya kwao, na aliyemtunza alikuwa mtu wa mbali. Je, Waghana hawakuwa na masikio?

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu ndugu zetu wa Ghana, kwani wengi wao hawakupata hata nafasi ya kukataa. Nakala hamsini haziwezi kuliuliza taifa swali. Lakini tukitafakari tutaona kwamba mwanafunzi yule hakuwa na kipawa cha ajabu. Alikuwa na tabia moja tu: alisimama mbele ya meza ya mchuuzi akanunua kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba ni kizuri. Sisi wengi hatuna tabia hiyo. Tunasubiri wimbo upigwe kwanza redioni, usifiwe na wageni, upewe tuzo, ndipo tuseme kwamba tulijua tangu mwanzo. Mtu wa namna hiyo hasikilizi muziki. Anasikiliza sifa za muziki.

Ugonjwa huu waweza kuonekana hata darasani. Mwanafunzi anayeandika mashairi yake katika daftari la mazoezi huwaonyesha wenzake, nao humuuliza: yamechapishwa wapi? Swali linaonekana dogo, lakini limebeba imani nzima, kwamba kazi haiwi kazi mpaka mkubwa fulani aipige mhuri. Mwanafunzi huyo hufunga daftari. Hatutajua kamwe yalikuwa mashairi ya namna gani.

Tena nusu ya pili ya methali yetu humwongezea mzigo. Methali yasema kibaya ndicho chajitembeza, na kijana mwenye haya huona kwamba kuipeleka kazi yake kwa watu ni kukiri kwamba ni mbaya. Wajibu wetu ni kumwondolea aibu hiyo. Siti binti Saad, kabla ya Bombay na kabla ya santuri, alitembeza vyungu mjini Unguja, akinadi kwa sauti yake ili wateja watoke milangoni, na ni katika kunadi huko watu walianza kuitambua sauti ile. Alitembeza vyungu, na pamoja na vyungu alikuwa akiitembeza hazina. Kutembeza kazi yako kwa heshima, bila kudanganya na bila kuwadharau wengine, si dalili ya ubovu wake. Ni sehemu ya mwisho ya kazi yenyewe.

Wajibu wa pande mbili

Kutokana na hayo yote twaweza kuzitaja wajibu chache, nasi twaziweka mbele ya walimu na wanafunzi ili wazijadili, wazipinge ikibidi, na kuziboresha.

Kwanza, msikilizaji anapaswa kusikiliza kabla ya kuuliza nani amesifu. Mwalimu wa lugha aweza kutenga kipindi kimoja kwa muhula ambamo wanafunzi wanasikiliza au kusoma kazi ya mtu wa mtaani mwao ambaye hajulikani, wakaihukumu kwa ustadi wake tu.

Pili, apendaye kazi anapaswa kuihifadhi pamoja na jina la mtunzi, mahali ilipotungwa na mwaka wake. Utepe huoza, simu hupotea, na vichwa husahau. Shule yenye daftari moja la nyimbo za wazee wa kijiji, lenye majina na tarehe, imefanya kazi ambayo Mwalimu Sikujua aliifanya Mombasa.

Tatu, anayefaidika na kazi ya mwingine, kwa fedha au kwa sifa, anapaswa kumtafuta mwenyewe na kumpa fungu lake. Kutomjua si udhuru mpaka umekwisha kumtafuta.

Nne, na huu ni wajibu wa msanii, asikae na kazi yake kifuani akingojea ijiuze. Amekwisha kujitegemea katika kuitengeneza. Na ajitegemee pia katika kuipeleka.

Tulianza kwa kusema kwamba hukumu ya wahenga yaweza kukatiwa rufani. Baada ya kusikiliza ushahidi, hatuifuti methali, twaiongezea sharti. Kizuri hujiuza palipo na watu waliokubali kusimama, kutega sikio na kutoa chao. Pasipo na watu hao, kizuri na kibaya hulala ghala moja, na panya hawachagui. Kwa hiyo tusikiapo kwamba mahali fulani hapana wasanii wazuri, swali la kwanza tusiwaulize wasanii. Tujiulize sisi ni mara ngapi tumesimama mbele ya meza ya mchuuzi.